Uvimbe kwa mbwa na paka wa nyumbani: usimwagie maji ya betri (Sehemu ya 9)



Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutaongelea chanjo za mtoto. Naomba chanjo isubiri wiki moja. Ndani ya mwezi huu nimeulizwa swali moja na akina mama watatu, mmoja wa Kahama, mmoja wa Maganzo na mmoja wa Katoro, na hawajuani kabisa. Swali lenyewe ni hili: "Nesi, mbwa wetu ametoka kinyama sehemu za siri, kinatoa damu. Ni kansa? Itawapata watoto?" Wa Katoro akaongeza: "Mume wangu anasema tumwagie maji ya betri kikauke."

Majibu ya haraka kwa mwenye haraka. Ndiyo, mara nyingi ni kansa. Hapana, haiwapati watoto. Maji ya betri, hapana kabisa. Na habari njema ni kwamba hiyo kansa mara nyingi inapona, tena kwa sindano chache tu.

Sasa kaa chini, weka chai, tuongee vizuri. Mimi ni nesi wa binadamu, sio daktari wa mifugo. Ila dawa inayotibu uvimbe ule ninaifahamu vizuri, maana ni ileile inayotibu watoto wetu. Na kuna jambo kwenye dawa hiyo ambalo kila mama mjamzito mwenye mbwa nyumbani anatakiwa kulijua kabla sindano ya kwanza haijachomwa.

KANSA INAYOHAMA

Kansa nyingi huanzia ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe na hufa naye. Hii ya mbwa ni tofauti, inahama. Mbwa mgonjwa akipandana na mbwa mzima, chembe hai za ile kansa hubanduka na kushika kwa yule mzima, kama pingili ya muhogo unayoichomeka shambani kwa jirani. Sio kirusi wala bakteria. Ni kansa yenyewe imehamia mwili mwingine.

Mwaka 1876 daktari wa wanyama wa Urusi, Mstislav Novinsky, aliuchukua uvimbe huu kwa mbwa mmoja akaupandikiza kwa mwingine, ukaota. Miaka mingi baadaye wataalamu wa vinasaba wakagundua jambo la kushangaza zaidi: uvimbe wote wa aina hii duniani, uwe Katoro au India, chanzo chake ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa mwenyewe alishakufa zamani, ila kansa yake bado inatembea.

Kwa nini ipo sana kwetu? Tazama mbwa wetu wanavyoishi. Mchana amelala chini ya mwembe, usiku anazunguka. Kwenye makambi ya wachimbaji ndiyo usiseme: wanaapolo wakihama na mgodi mpya, mbwa wanahama nao, wanakutana na wenyeji, na hakuna aliyehasiwa. Jike mmoja akiingia kwenye joto, madume wa kitongoji kizima wanapanga foleni. Kansa inayohama kwa kupandana inataka nini tena?

Dalili zake ni hizi. Dume anadondosha damu kidogokidogo kwenye uume, watu wanadhani ni ugonjwa wa mkojo. Jike anatoa damu, watu wanadhani yuko kwenye joto, ila joto lenyewe haliishi. Ukiangalia unakuta kinyama chekundu kama ua la koliflawa, laini, ukikigusa kinavuja. Na kwa kuwa mbwa hunusana na kulambana, wakati mwingine kinaota puani au mdomoni. Mbwa anakoroma, anatoka damu puani, uso unavimba upande mmoja.

Kwa binadamu haiji. Zile ni chembe za mbwa, mwili wa mtoto wako hauzipokei. Hata kansa nyingine za mbwa na paka nitakazozitaja hapa chini haziambukizi watu. Mtoto akimshika mbwa mwenye uvimbe, mnawishe kwa sabuni kama kawaida, basi.

Kinachonitisha mimi kwa watoto ni meno. Mbwa mwenye maumivu anang'ata hata mtu anayempenda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za kansa, uliza cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto aking'atwa au hata akikwaruzwa na meno, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atafanyaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni kifo.

YALIYOTOKEA NYARUGUSU

Mdogo wangu wa kiume ana karasha kule Nyarugusu, Geita. Anafuga mbwa wawili wa kulinda mawe usiku. Mmoja, dume wa rangi ya kahawia, alianza kudondosha damu. Vijana wa pale kila mmoja akawa daktari. Huyu anasema kajichoma na bati, yule anasema karogwa na wenye duara la jirani. Wakamalizia kwamba dawa ni maji ya betri, na yakishindikana, apigwe rungu.

Aliyenipigia simu ni wifi yangu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na yeye ndiye alikuwa anadeki ile damu kila asubuhi.

"Wifi, mbwa mwenyewe ananitia kinyaa, lakini jana usiku amefukuza wezi. Nitamuacha vipi apigwe?"

Nikamwambia, "Wifi, asipigwe. Mfungeni asizurure, na wewe acha kudeki. Mpe simu mumeo."

Daktari wa mifugo alikuja baada ya siku mbili. Hakukisia. Alichukua kioo kidogo, akakibandika kwenye ule uvimbe, akaenda nacho kwenye darubini kuangalia chembe. Aliporudi alikuwa na jina la ugonjwa na jina la dawa: vinkristini. Dawa iliagizwa Mwanza. Ikawa sindano moja kila wiki, kwenye mshipa wa mguu wa mbele, mbwa kashikwa na watu wawili na mdomo umefungwa kitambaa.

Sindano ya kwanza sikuamini. Ya pili, uvimbe uliokuwa kama limao ukawa kama kokwa ya zambarau. Kwa sindano ya tano haukuwepo. Kwa mbwa wengi inachukua dozi 4 mpaka 8, na zaidi ya 9 katika 10 wanapona. Kukata peke yake kwa kisu mara nyingi hakutoshi, unarudi.

Kuhusu gharama, nitasema ukweli wangu: nauli ya kufuata dawa na kumleta daktari ilizidi bei ya dawa. Ndiyo maana nawashauri, kama mtaani kwenu kuna mbwa wawili watatu wenye shida hiyo, wenye mbwa mkae pamoja mumuite daktari siku moja.

Na maji ya betri je? Ile ni asidi. Inaunguza nyama ya juu, ya chini inabaki inaota. Mbwa anajilamba, anaungua ulimi na koo. Halafu chupa ya asidi inabaki nyuma ya mlango, na unajua nani huwa anakutana na chupa nyuma ya mlango. Mtoto wa miaka miwili.

MJAMZITO ASISHIKE

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Vinkristini asili yake ni lile ua dogo lenye petali tano, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo wengi mnalo nje ya nyumba zenu na halihitaji hata kumwagiliwa. Asili ya ua hilo ni Madagaska. Dawa ilisafishwa humo, ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963, na mpaka leo inatumika kwa kansa ya damu ya watoto, kansa ya figo ya watoto, na ule uvimbe wa taya nitakaouongelea chini. (Kabla hujaenda kung'oa: ua lenyewe ni sumu. Usichemshe, usinywe, na mjamzito asilisogeze mdomoni.)

Dawa hii inaua chembe zinazogawanyika haraka. Kansa inagawanyika haraka. Na mtoto tumboni naye anagawanyika haraka kuliko kitu chochote unachokijua. Umenielewa.

Mbwa akichomwa sindano leo, dawa haibaki yote mwilini. Inatoka kwenye mavi na mkojo kwa siku kadhaa, na matapishi yake nayo uyahesabu vilevile. Kwa hiyo mpaka sindano ziishe, sheria ya nyumba iwe hivi:

1. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasimshike mbwa wakati wa sindano, wala wasisafishe mavi, mkojo au matapishi yake. Kazi hiyo ni ya baba au kijana mkubwa.

2. Anayesafisha avae glavu. Huna glavu, vaa mfuko wa plastiki mikononi, mavi uyafukie mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga. Kisha sabuni na maji.

3. Mbwa afungwe sehemu moja ambapo watoto hawachezi. Asilambe mtoto usoni.

4. Bomba la sindano na kichupa aondoke navyo daktari. Visitupwe jalalani, watoto wanaokota.

5. Sindano achome daktari wa mifugo, sio jirani anayejua kuchoma ng'ombe. Dawa hii ikitoka nje ya mshipa inaozesha nyama, mguu unaweza kuharibika. Na mbwa apimwe uzito kwanza, maana dozi inafuata ukubwa wa mwili.

Mbwa anaweza kukosa hamu ya kula siku mbili tatu, akapata choo kigumu au akatapika. Akiwa na homa, amelegea kabisa, mpigie daktari. Hiyo ni kwa sababu dawa inashusha pia askari wa mwili.

Wifi yangu alimaliza mimba yake salama, akajifungua mtoto wa kike. Wakati wote wa sindano, mdogo wangu ndiye aliyedeki. Wenzake kwenye karasha walimcheka sana, na mimi nikamwambia awaambie waje niwape somo.

Nikiwa hapohapo, neno moja kwa familia za migodini. Kuna anayeniuliza kama zebaki ndiyo inawapa mbwa uvimbe. Ule unaotoka damu sehemu za siri unatokana na kupandana kama nilivyoeleza. Zebaki ina ubaya wake mwingine mkubwa: inaumiza mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumia zaidi. Kwa hiyo dhahabu isichomewe jikoni, wala sufuria ya kuchomea isirudi kupikia. Tutairudia siku yake.

MATITI YA JIKE, MBWA NA PAKA

Uvimbe wa pili unaoonekana sana ni wa matiti. Jike wa miaka saba nane unamkuna tumbo, unakuta kitu kama punje ya mahindi pembeni ya chuchu. Kwa mbwa, karibu nusu ya vivimbe hivyo sio vibaya. Kwa paka ni habari nyingine: zaidi ya 8 katika 10 ni kansa, na inakimbia kwenda kwenye mapafu. Kwa hiyo paka mwenye punje kwenye titi hasubiri mpaka mavuno. Tiba ni kisu, na kisu kikiwahi wakati uvimbe ni mdogo, paka anaishi muda mrefu zaidi.

Kinga ipo, nayo ni kumfunga kizazi mapema. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1969 ulionyesha kwamba jike wa mbwa aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza, hatari yake ya kansa ya matiti ilibaki chini ya asilimia 1 ya ile ya jike asiyefungwa. Akifungwa baada ya joto la kwanza inakuwa asilimia 8, baada ya la pili asilimia 26. Unaona inavyopanda. Na mbwa aliyefungwa kizazi hafuatwi na foleni ya madume, kwa hiyo na ile kansa ya kwanza anaikwepa kwa sehemu kubwa.

Kuna wanaompa paka sindano au vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu ili asizae. Acheni. Kwa paka na mbwa homoni zile zinaongeza uvimbe wa matiti. Nasema paka na mbwa, tafadhali msinukuu vibaya mkaacha njia zenu. Mwenye swali la uzazi wa mpango aje kliniki tuzungumze, mlango uko wazi.

PAKA MWEUPE NA JUA LA SHINYANGA

Nilikuwa na paka mweupe mwenye masikio ya waridi. Alipenda kulala juu ya ukuta saa saba mchana. Mwaka wake wa tisa, ncha ya sikio moja ikawa na gaga lisilopona, linatoka na kurudi. Nilipoliona nilijua naangalia nini, kwa sababu nimeliona kwenye ngozi za watu.

Ni kansa ya ngozi inayoletwa na jua. Kwa paka weupe inapenda ncha za masikio, pua na kope. Ikiwa bado ndogo kwenye sikio, daktari anakata ile sehemu na mara nyingi mchezo umeisha. Wangu alikatwa, akabaki na sikio fupi, akaishi miaka mingine mitatu na akafa kwa uzee. Iliyoachwa inakula uso.

Simfananishi mtoto na paka, nafananisha jua, kwa sababu jua ni lilelile. Kanda yetu ina watoto wengi wenye ualbino, na ngozi yao haina rangi ya kuwakinga. Mama mwenye mtoto huyo: kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na kidonda kisichopona ndani ya wiki nne kionwe na daktari. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, wanatengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa hiyo uliza kliniki yenu ya ngozi yanapatikanaje. Na jirani wa huyo mama: mtoto akiazimwa kofia yako mchana, umefanya kazi ya daktari.

MITOKI

Mbwa ana matezi chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti. Yakivimba yote kwa pamoja, magumu, hayaumi, mbwa anakonda, inaweza kuwa kansa ya matezi. Inaweza pia kuwa ugonjwa wa kupe, ndiyo maana lazima apimwe kabla watu hawajakata tamaa. Kansa yenyewe dawa zinairudisha nyuma na kumpa mbwa miezi mingi mizuri, mara chache inaondoka kabisa. Paka naye huipata, mara nyingine kwa kirusi ambacho paka huambukizana kwa mate. Kirusi hicho hakimpati mtu.

USIMPE PANADO

Naandika hili peke yake ili lisipotee. Paka akipewa Panado anakufa. Kidonge kimoja kinatosha. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kijivu. Mbwa naye usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, zinamtoboa tumbo na kuua figo. Najua unampa kwa huruma. Dawa ya maumivu ya wanyama ipo, muulize daktari wa mifugo.

PALE TIBA INAPOISHIA

Kuna uvimbe hautibiki, na kwetu tiba ya mionzi kwa mnyama sio kitu cha kutegemea. Kilichopo ni kisu na sindano. Daktari akisema imefika kwenye mapafu, kinachobaki ni mnyama asiteseke. Akiwa hali, hasimami, anahema kwa shida, daktari anaweza kumchoma sindano ya kumlaza asiamke. Sio dhambi. Kumuacha aoze nyuma ya choo ndiyo mateso, na sumu ya panya ni mateso makubwa zaidi.

Watoto waambieni ukweli. Msiseme "amekwenda kwa bibi Bariadi," kwa sababu likizo wakienda kwa bibi watamtafuta. Sema amekufa, alikuwa anaumwa, daktari alijaribu. Mtoto akilia, mwache alie. Wachimbe shimo pamoja na baba yao.

SASA GEUKA KWA MTOTO WAKO

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa anafanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wa Kiafrika wenye taya zilizovimba haraka. Ule uvimbe tunaupata huku kwetu kanda ya ziwa pia. Ni kati ya kansa zinazokua haraka kuliko zote, na wakati huohuo ni kati ya zile zinazosikia dawa vizuri, vinkristini ikiwa mojawapo. Bugando, Mwanza, watoto wanatibiwa.

Kinachoniuma ni muda. Mama analetwa na mtoto ambaye taya limevimba wiki sita. Ameng'olewa jino, amechanjwa chale, amewekewa majani. Na sisemi kwa kumlaumu, aliyemng'oa jino alimwambia litapungua. Lakini uvimbe ule unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku chache. Wiki sita ni nyingi mno.

Kwa hiyo yashike haya kwa mtoto: taya au shavu linalovimba na meno yanalegea bila sababu; tumbo lenye kitu kigumu upande mmoja, hasa unapomuogesha; mng'ao mweupe kwenye mboni ya jicho, kama jicho la paka usiku, hata ukiuona kwenye picha ya simu tu; matezi makubwa yasiyouma yasiyoisha; homa na kukonda na damu puani isiyoeleweka. Ukiona moja, nenda hospitali wiki hiyo, na useme kwa mdomo wako: "Naogopa ni uvimbe, naomba apimwe." Una haki ya kusema hivyo. Hakuna nesi mwenye akili atakayekucheka.

KAZI YA JUMAMOSI

Nawapa kazi ya dakika kumi. Jumamosi ukimuogesha mtoto, mpapase taya, shingo, kwapa, tumbo na kinena. Muangalie macho kwenye mwanga. Halafu mpe baba au kijana mkubwa kazi ya mbwa na paka: mdomo, masikio, matezi, matiti yote mpaka ya nyuma, chini ya mkia. Mbwa mkali afungwe mdomo kwanza, na watoto wakae mbali.

Mkikuta kitu kwa mnyama, pigeni picha, andikeni tarehe, pimeni kwa sarafu au punje ya harage. Mpelekeeni afisa mifugo wa kata, atawaelekeza kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Kipande kikihitaji kupimwa, Mwanza kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Kwa yale makubwa kabisa Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA, ingawa najua ni mbali.

Wa Kahama, wa Maganzo na wa Katoro, nawajibu pia inbox. Wa Katoro, mpe mumeo simu asome ile sehemu ya maji ya betri, kisha umuulize chupa iko wapi.

Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nayajibu moja moja. Picha za vidonda msiweke kwenye comment, nitumieni inbox, kuna watu wanakula. Sehemu ya 10 ni chanjo za mtoto, safari hii kweli.

Nesi wenu.